Misaada ruksa, haki marufuku?

Mwaka 2005 asasi ya HakiElimu ilikuwa ikirusha matangazo mafupi redioni na kwenye televisheni kuhusu hali ya shule za Tanzania. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulikuwa umejenga maelfu ya madarasa na kuandikisha mamilioni ya watoto. Matangazo yale yaliuliza watoto hao wanajifunza nini humo darasani. Septemba mwaka huo Wizara ya Elimu ikaipiga marufuku asasi hiyo kufanya tafiti na kuchapisha habari kuhusu shule za nchi hii. Suala hilo lilimalizwa 2007, baada ya mazungumzo yaliyofika hadi kwa Waziri Mkuu.

Tuseme asasi hiyohiyo ingepeleka madawati 300 wilayani. Mkuu wa wilaya angekuja kuyapokea, risala ingesomwa, picha zingepigwa. Madawati na maswali vinamlenga mtoto yuleyule, lakini dawati halimtaji mtu, ilhali swali linamtaja mwenye wajibu. Kwa hiyo mleta madawati huitwa mdau wa maendeleo, na mleta maswali huambiwa anachochea.

Makala haya yanasema kwamba kazi ya hisani na kazi ya kutetea haki haziwezi kutenganishwa, kwamba zote mbili zinasimama juu ya uhuru wa kujumuika, na kwamba sheria za Afrika Mashariki, kuanzia za mkoloni hadi za jana, zimekuwa zikijaribu kuuruhusu uhuru huo nusu tu.

Uhuru wenyewe una nini ndani yake

Kwenye maandishi, uhuru huu hauna utata. Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948 limeuweka katika ibara ya 20, likaongeza kwamba mtu asilazimishwe kujiunga na chama. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966 umeuweka katika ibara ya 22, na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu wa 1981 katika ibara ya 10. Katiba ya Tanzania ya 1977 inao katika ibara ya 20, ingawa Hati ya Haki za Binadamu iliingizwa humo kwa marekebisho ya 1984 na ikaanza kudaiwa mahakamani 1988. Katiba ya Kenya ya 2010 inao katika ibara ya 36.

Ukiufungua ndani, utakuta haki kadhaa zinazotegemeana. Watu wana haki ya kuanzisha chama, kujiunga nacho na kukihama. Wana haki ya kujichagulia lengo. Wana haki ya kutafuta fedha za kulitimiza lengo hilo. Tamko la Umoja wa Mataifa la 1998 kuhusu watetezi wa haki za binadamu linalisema hili waziwazi katika ibara ya 13. Mwisho, chama kina haki ya kuendelea kuwepo, kisifutwe kwa barua ya ofisa bila kusikilizwa. Ondoa moja tu kati ya hizo, zilizobaki zinalegea. Chama chenye cheti lakini kisichoruhusiwa kupokea senti ni jina kwenye karatasi.

Uhuru huu una mipaka, na mipaka hiyo nayo ina masharti. Ibara ya 22 ya mkataba wa 1966 inataka kila zuio litokane na sheria, lilinde jambo linalotajwa humo, kama usalama wa nchi, afya ya jamii au haki za wengine, na liwe la lazima katika jamii ya kidemokrasia. Sharti hilo la mwisho ndilo serikali nyingi hulisahau. Zuio laweza kuwa na sheria nyuma yake na sababu mbele yake, likashindwa hapo.

Kwa nini mtetezi wa haki anauhitaji uhuru huu kuliko mtoa sadaka? Sadaka yaweza kutolewa na mtu mmoja. Miji ya pwani, kuanzia Lamu hadi Kilwa, imejaa misikiti, visima na nyumba za wakfu zilizoachwa na watu binafsi, na hakuna aliyehitaji kuitisha mkutano ili aweke wakfu. Kudai haki ni kazi nyingine. Inataka mtu wa kupokea malalamiko, mtu wa kutunza kumbukumbu, wakili, nauli ya mashahidi, na uvumilivu wa kesi inayoahirishwa mara nane. Inataka pia wingi: anayelalamika peke yake huitwa mkorofi, na kumnyamazisha si kazi. Wakilalamika watu 200 wenye katiba, mweka hazina na mhuri, inabidi wajibiwe.

Shaka iliyorithiwa

Serikali za kikoloni ziliuelewa wingi huo vizuri. Mwaka 1940, vita vikiwa vimepamba moto, serikali ya Kenya ilikipiga marufuku Chama cha Kikuyu Central Association, pamoja na vyama vya Wakamba na Wataita vilivyokuwa vikilalamikia ardhi na mifugo. Tanganyika ikapata Sheria ya Vyama mwaka 1954, mwaka uleule TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai. Sheria hiyo ilimpa msajili mamlaka ya kukubali au kukataa, na kwa miaka kadhaa matawi ya TANU katika nchi ya Wasukuma yalinyimwa ruhusa ya kufanya kazi.

Jambo la kushangaza ni kwamba waliokuwa wakikataliwa, walipoingia madarakani, hawakuitupa sheria ile. Sheria ya Vyama ya Tanganyika iliendelea kutumika baada ya uhuru. Kenya ilitunga yake mwaka 1968 kwa mwelekeo uleule: kundi lolote la watu 10 au zaidi, kwa lengo lolote, lilihesabiwa kuwa chama kinachotakiwa kujulikana kwa msajili. Siku hizo hoja ilikuwa umoja wa taifa, na ilikuwa na uzito wake katika nchi changa. Lakini tazama ilipotufikisha. Tanganyika ililivunja Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi mwaka 1964 na mahali pake kikawekwa chama kimoja cha wafanyakazi, NUTA, chini ya mkono wa serikali. East African Muslim Welfare Society, jumuiya ya hisani iliyoanzishwa 1945 na kujenga shule na misikiti katika Afrika Mashariki, ilipigwa marufuku Tanzania mwaka 1968.

Mfano mchungu zaidi ni wa Ruvuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 vijana wa Litowa, wilayani Songea, walianza kulima kwa pamoja. Wakaunda Ruvuma Development Association, ikakua hadi vijiji 17, ikawa na shule yake na mashine ya kupasua mbao. Hawa hawakuwa wapinzani. Mwalimu Nyerere mwenyewe aliwasifu, kwa kuwa walikuwa wakiishi ujamaa kabla Azimio la Arusha halijatangazwa. Kosa lao lilikuwa kwamba waliamua mambo yao wenyewe, bila kungoja maelekezo ya chama mkoani. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliuvunja umoja huo na mali zake zikachukuliwa. Ikiwa hata waliokubaliana na serikali kwa kila kitu walivunjwa kwa sababu walijipanga wenyewe, basi tatizo halikuwa walichokisema. Tatizo lilikuwa kujipanga kwenyewe.

BAWATA: miaka 12 mahakamani

Kesi inayofaa kutazamwa kwa karibu ni ya Baraza la Wanawake Tanzania, BAWATA. Baraza hilo lilisajiliwa mwaka 1995 chini ya Sheria ya Vyama ileile ya 1954, mwenyekiti wake akiwa Profesa Anna Tibaijuka. Lilikusudiwa kuwa chombo cha wanawake wote, kisichofungamana na chama chochote cha siasa, katika nchi ambayo kwa miongo kadhaa jumuiya kubwa ya wanawake ilikuwa tawi la chama tawala. Uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi ulikuwa mlangoni. BAWATA ikatoa elimu ya uraia, ikawahimiza wanawake wapige kura wakijua wanachokitaka: ardhi, mirathi, maji, afya ya uzazi.

Mwaka 1996 shughuli zake zilisimamishwa. Mwaka 1997 likafutwa kwenye daftari. Serikali ilidai kwamba baraza hilo lilikuwa likiendeshwa kama chama cha siasa. Viongozi wake wakaenda Mahakama Kuu, Dar es Salaam, kupinga uamuzi huo na sheria iliyotumika kuutoa. Hukumu ilitolewa mwaka 2009, na mahakama ikasema kufutwa kule kulikiuka katiba.

BAWATA ilishinda, lakini ushindi huo ulikuja miaka 12 baadaye. Katika muda huo wafadhili walikwenda kwingine, matawi yalikufa, na wanawake waliokuwa na ari ya 1995 walishapata shughuli nyingine. Msajili hakuhitaji kushinda kesi ili kupata alichokitaka; muda ulimtosha. Kwa hiyo yeyote anayepima uhuru wa kujumuika kwa kusoma hukumu peke yake atadanganyika. Swali la kuuliza ni hili: chama kinapopingana na msajili, nani anaumia wakati kesi inaendelea? Pale sheria inapomruhusu msajili afute kwanza na chama kilalamike baadaye, jibu ni lilelile kila mara.

Mgawanyo ulitoka wapi?

Wazo kwamba hisani ni jambo jema na haki ni siasa halikuzaliwa kwetu. Sheria ya Uingereza, ambayo mahakama zetu zilirithi, ilianza kuorodhesha malengo ya hisani mwaka 1601. Hukumu maarufu ya 1891 ikayapanga katika mafungu manne: kuondoa umaskini, kuendeleza elimu, kuendeleza dini, na mambo mengine yenye manufaa kwa jamii. Miongo kadhaa baadaye, Amnesty International, iliyoanzishwa London mwaka 1961, iliunda mfuko ikitaka utambuliwe kuwa wa hisani. Mwaka 1981 Mahakama Kuu ya Uingereza ikakataa. Kumlisha mfungwa ni hisani. Kuitaka serikali imwachie huru au ibadili sheria ni siasa. Waingereza wenyewe walikuja kubadili msimamo huo, na Sheria ya Hisani ya 2006 ikataja kuendeleza haki za binadamu kuwa lengo halali la hisani.

Huku kwetu mabaki ya orodha ya zamani bado yapo. Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania ya 2004, ilipofafanua taasisi ya hisani, ilitaja kuondoa umaskini na dhiki ya umma, kuendeleza elimu, na huduma za afya, maji na barabara. Kutetea haki hakukutajwa. Anayechimba kisima anajulikana kwa ofisa wa kodi. Anayewasaidia wanakijiji kuuliza fedha za kisima zilikwenda wapi hana safu yake kwenye fomu.

Walioupeleka mgawanyo huu mbali kuliko wote ni Waethiopia. Sheria yao ya 2009 ilisema asasi inayopata zaidi ya asilimia 10 ya fedha zake kutoka nje isijihusishe na haki za binadamu, usawa wa jinsia, haki za watoto au utatuzi wa migogoro. Iliruhusiwa kugawa chakula na kujenga zahanati. Katika nchi yenye wafadhili wachache wa ndani, sharti hilo lilikuwa sawa na kuzima taa. Asasi nyingi zilibadili majina na malengo ili ziendelee kuishi, na chama cha wanasheria wanawake, kilichokuwa kikiwasaidia maelfu ya akina mama waliopigwa au kunyang'anywa mali, kilifungiwa akaunti zake. Mwaka 2019 Ethiopia ilitunga sheria mpya na kuliondoa zuio hilo. Muongo mmoja wa majaribio ulikwishaonyesha kwamba kuwanyima watu wakili hakuongezi chakula.

Kwa nini haiwezekani kuzitenga

Chukua mjane wa kijijini ambaye mume amefariki na shemeji amekuja kudai shamba na nyumba kwa niaba ya ukoo. Kikundi cha kina mama kinamletea unga na sukari. Hiyo ni hisani, hakuna anayeipinga. Lakini unga huisha. Anachohitaji mjane ni msaidizi wa kisheria wa kumwambia kwamba ana haki ya kufungua mirathi mahakama ya mwanzo, wa kumsaidia kujaza fomu, na wa kukaa naye siku ya kusikilizwa ili asitishwe. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya Tanzania ya 2017 inawatambua wasaidizi hao kwa jina. Sasa ikiwa wajane 40 wa kata moja wana tatizo lilelile, msaidizi yuleyule ataanza kuuliza kwa nini baraza la kata linawapendelea mashemeji, na kwa nini sheria ya mirathi ya kimila inasema inavyosema. Amehama kutoka kwenye unga hadi kwenye sera bila kubadili kazi. Kumzuia hatua ya mwisho ni kumlazimisha agawe unga milele.

Ndivyo ilivyotokea pia kwenye ndoa za utotoni. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, huku mvulana akingoja 18, na hata akiwa na 14 kwa idhini ya mahakama. Asasi za wasichana zilikuwa zikitoa sare, taulo za kike na malazi kwa waliokimbia kuozwa. Rebeca Gyumi, mwanzilishi wa asasi ya Msichana Initiative, akaona kwamba kila anayeokolewa anafuatwa na mwingine, kwa sababu mlango wenyewe umefunguliwa na sheria. Akaenda Mahakama Kuu. Julai 2016 ilitamka kwamba vifungu hivyo vinapingana na katiba, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Taulo na kesi vyote vilitoka kwa watu walewale, kwa nia ileile.

Mbinu za siku hizi

Marufuku ya wazi imepungua. Mahali pake zimekuja njia za ofisini, na kuu ni tatu.

Ya kwanza ni usajili wenyewe. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya Tanzania ya 2002 iliweka faini ya hadi shilingi 500,000 au kifungo cha hadi mwaka mmoja, au vyote viwili, kwa anayeendesha shirika bila kusajiliwa. Marekebisho ya 2019 yakafanya cheti kiwe cha miaka 10, na yakayataka mashirika yaliyokuwa yamesajiliwa kama kampuni zisizogawana faida yahamie kwa Msajili wa NGO kwa muda mfupi. Kenya nayo imetoa somo la kinyume: sheria nzuri isiyotumika. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ilisainiwa na Rais Kibaki Januari 2013. Mahakama Kuu iliamuru mwaka 2016 ianze kutumika. Ilianza Mei 2024. Kwa zaidi ya miaka 11 Wakenya walikuwa na sheria iliyopitishwa na Bunge lakini asasi zao zikaendeshwa kwa sheria ya 1990, ya enzi za chama kimoja.

Ya pili ni fedha. Mwaka 2013 muswada mmoja nchini Kenya ulitaka fedha za nje zisizidi asilimia 15 ya bajeti ya shirika. Bunge liliukataa Desemba mwaka huo. Tanzania, kwa kanuni za 2018, ilitaka kila shirika linalopata zaidi ya shilingi milioni 20 litangaze fedha hizo na kuwasilisha mkataba serikalini ndani ya siku 10. Uwazi ni jambo jema. Lakini mkataba wa utafiti wa rushwa ya ardhi, ukifika mezani kwa mtu anayetafitiwa kabla kazi haijaanza, unakuwa onyo kwake na hatari kwa mtafiti.

Ya tatu ni tuhuma ya ugaidi. Baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa la Aprili 2015, lililoua watu 148, serikali ya Kenya ilichapisha orodha ya watu na taasisi 85 zilizodaiwa kuhusishwa na Al-Shabaab. Ndani yake yalikuwemo mashirika mawili ya Mombasa, MUHURI na HAKI Africa, yaliyokuwa yakiandika habari za vijana waliopotea na waliouawa wakiwa mikononi mwa polisi. Akaunti zao zilifungwa. Fikiria hali ya ofisi kama hiyo: kodi ya pango inadaiwa, mshahara haulipiki, mama aliyetoka Likoni kuuliza habari za mwanawe anakuta hakuna nauli ya kumpeleka wakili kituoni. Novemba mwaka huo Mahakama Kuu ya Mombasa iliamuru akaunti zifunguliwe kwa kuwa hapakuwa na ushahidi wa kuyaunganisha mashirika hayo na ugaidi. Miezi saba ilikwishapita.

Njia hizi zinasafiri. Agosti 2021 Uganda ilisimamisha asasi 54 kwa mkupuo, nyingi kwa madai ya makaratasi: kibali kilichoisha, hesabu zisizowasilishwa. Burundi mwaka 2018 iliyasimamisha mashirika ya kigeni kwa kutotimiza masharti, likiwemo la kuajiri kwa mizani ya makabila. Handicap International ikaamua kuondoka kuliko kuwapanga wafanyakazi wake kwa kabila. Hapo hata hisani ilishindwa kupita.

Hoja za serikali zina uzito gani?

Haitakuwa haki kusema serikali hazina hoja. Zipo asasi za mkobani, zenye mwenyekiti, mhasibu na katibu wa nyumba moja. Wapo waliokula fedha za yatima. Zipo ajenda zilizoandikwa ng'ambo na kuletwa hapa kutafutiwa saini. Fedha chafu kweli hupitishwa kwenye mifuko ya hisani, ndiyo maana kikosi cha kimataifa cha kupambana na fedha haramu, FATF, kina pendekezo zima, la 8, kuhusu mashirika yasiyo ya faida. Lakini pendekezo hilohilo, kama lilivyorekebishwa, linataka hatua zilenge mashirika yenye hatari halisi na zisivuruge kazi halali. Halisemi kila chama kitazamwe kama mtuhumiwa.

Kwa mwizi zipo sheria za wizi, na kwa mghushi zipo sheria za kughushi. Anayeiba anashtakiwa yeye kwa jina lake. Kulifuta shirika zima kwa kosa la mhasibu ni kuwaadhibu walioibiwa. Na kuhusu fedha za nje, serikali zenyewe zinazipokea kila mwaka wa bajeti bila kuonekana zimeuza uhuru wao. Kama mkopo wa barabara haumfanyi waziri kuwa kibaraka, ruzuku ya msaada wa kisheria nayo haimfanyi wakili kuwa kibaraka.

Hoja iliyo ngumu zaidi ni ya maadili. Mwaka 2013 msajili wa Kenya alikataa kusajili shirika lililotaka kutetea haki za mashoga na wasagaji, akisema jina lake halikubaliki. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Juu, ambayo Februari 2023, kwa majaji watatu dhidi ya wawili, iliamua kwamba kukataa huko kulikiuka ibara ya 36. Hasira ilikuwa kubwa. Lakini majaji hawakugusa sheria za jinai zilizopo. Walichosema ni kwamba haki ya kuunda chama haimtegemei msajili kupendezwa na wanachama wake. Anayeikataa kanuni hiyo leo kwa sababu ya wasiompendeza ajiulize kesho msajili akiwa mtu asiyeipenda dini yake au kabila lake atajitetea kwa lipi.

Mahakama, na watu wasio na cheti

Mahakama zimesaidia, lakini mlango wake nao hufungwa. Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa hukumu katika kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila, Chama cha Wanasheria Tanganyika na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu dhidi ya Tanzania. Ilisema kumlazimisha mgombea awe mwanachama wa chama cha siasa kunavunja, pamoja na haki nyingine, uhuru wa kujumuika. Asasi mbili kati ya wadai hao watatu zilifika hapo kwa sababu zilikuwepo kisheria. Novemba 2019 Tanzania ikaondoa tamko lililowawezesha watu binafsi na asasi kuishtaki moja kwa moja katika mahakama hiyo.

Wapo pia walioamua kutogusa karatasi kabisa. Mjini Goma, mashariki mwa Kongo, mwaka 2012, vijana walianzisha LUCHA, vuguvugu lisilo na rais, ofisi wala cheti. Walidai maji, barabara na uchaguzi, wakakamatwa mara kwa mara, na bado wapo. Wanatukumbusha kwamba uhuru wa kujumuika ni wa watu kabla ya kuwa wa mashirika, na kwamba usajili unapaswa kuwa njia ya kupata hadhi ya kisheria, akaunti na msamaha wa kodi. Usiwe ruhusa ya kukutana.

Sehemu yetu

Lawama zote zisielekezwe serikalini. Asasi nyingi za haki Afrika Mashariki hazina wanachama wa kweli. Zina wafanyakazi, bodi na mfadhili. Zikifungiwa, anayepiga kelele ni balozi, na serikali inapata ushahidi wa kile ilichokuwa ikisema. Wakati huohuo, mitaa yetu inajua sana kuchanga. Kamati ya harusi hukusanya mamilioni kwa miezi mitatu: kuna mwenyekiti, mweka hazina, kadi za ahadi, kundi la WhatsApp linalotaja nani katoa na nani bado, na kikao cha kuvunja kamati ambapo hesabu husomwa hadi shilingi ya mwisho. Vikoba na vyama vya kufa na kuzikana vina nidhamu hiyohiyo. Uwezo wa kujumuika tunao. Hatujauelekeza kwenye wakili wa mjane.

Kinachotakiwa kisheria kinajulikana. Usajili uwe taarifa yenye muda maalumu wa kujibiwa, na muda ukipita bila jibu chama kihesabiwe kimesajiliwa. Kufuta chama kuwe kazi ya mahakama, na chama kiendelee na shughuli mpaka hukumu itoke. Akaunti isifungwe bila amri ya jaji. Sheria za kodi zitaje kutetea haki miongoni mwa kazi za hisani, ili mfanyabiashara wa Kariakoo au Gikomba anayechangia msaada wa kisheria apate nafuu sawa na anayechangia zahanati.

Lakini sheria hizo hazitadaiwa na wafanyakazi wa ofisi tano za mjini. Zitadaiwa na wanachama. Kama uko kwenye asasi, ulizia mkutano mkuu wa mwisho ulifanyika lini na hesabu zilisomwa mbele ya nani. Kama hupo, tafuta inayofanya kazi unayoiamini, jiunge, na ulipe ada yako kila mwaka. Asasi inayolipiwa na watu wake ni ngumu kuifuta.